Mgonjwa wa Saratani Atafutapo Dawa Kwingine

Waalimu wa sharika wametuuliza zaidi ya mara moja neno hili: Mkristo aliyeambiwa hospitalini kwamba ana saratani, naye akaanza kuzunguka kwa waganga wa mitishamba, na kwa wauzaji wa unga wa majani, na kwa waombeaji wa mbali, tumwambieje? Wako wazee wa Kanisa wapendao kumkaripia kana kwamba ameiacha imani. Wako na wengine wanyamazao, wakisema, Mwacheni, mwili ni wake. Sisi twaona njia hizi zote mbili zamwacha mgonjwa peke yake.

Tumkumbuke kwanza yule mwanamke wa Injili aliyetokwa na damu miaka 12. Alikuwa amekwenda kwa waganga wengi, na mali yake yote ilikuwa imekwisha, wala hali yake haikuwa njema zaidi. Bwana Yesu hakumwuliza habari za waganga wale, wala hakumlaumu kwa safari zake. Basi mwalimu aingiapo nyumbani mwa mgonjwa asianze na maonyo. Aanze kwa kuuliza na kusikiliza, maana mgonjwa atafutaye ana sababu zake. Pengine ameogopa kisu, au amesikia kwamba jirani alipasuliwa titi akafa. Pengine nauli ya kwenda Dar es Salaam, katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, yamshinda. Tena pengine daktari alisema naye kwa haraka, kwa maneno asiyoyafahamu, lakini mganga alimketisha akamsikiliza saa nzima. Tusilipuuze jambo hili la mwisho. Kusikilizwa ni haja kubwa ya mtu mgonjwa, na mahali apatapo kusikilizwa ndipo atakaporudi.

Walakini lipo neno ambalo hatuwezi kulificha. Saratani haimngoji mtu. Uvimbe mdogo wa titi mara nyingi hauumi, na kwa hiyo mama huuona si kitu. Naye akinywa dawa ya majani miezi 6 bila maumivu, hudhani dawa yafanya kazi. Kumbe katika miezi ile ugonjwa waweza kuwa umefika makwapani, kisha mifupani. Hata majani yale yasipokuwa na sumu yo yote, wakati uliopotea haununuliki tena.

Sisi Walutheri wa Tanzania tunayo sababu ya kulitazama jambo hili kwa unyenyekevu, kwa kuwa liliwahi kutokea nyumbani mwetu. Katika mwaka 2011 mchungaji mstaafu wa Kanisa letu, Ambilikile Mwasapile, ambaye watu walimwita Babu, alikuwa akiwanywesha watu kikombe cha dawa katika kijiji cha Samunge, Loliondo. Dawa ilichemshwa kutoka katika mti uitwao mugariga, na bei yake ilikuwa shilingi 500 tu. Alisema Mungu alimwonyesha dawa ile katika ndoto, ya kwamba yaponya UKIMWI, kisukari, saratani na magonjwa mengine. Maelfu kwa maelfu walikwenda, kutoka nchi hii na nchi jirani, wakubwa wa serikali pamoja na maskini. Mwezi wa Machi foleni ya magari ilikuwa ya kilomita nyingi, na watu walilala barabarani siku kadhaa. Wagonjwa wengine walitolewa vitandani hospitalini ili wapelekwe huko, na makumi ya watu walikufa kabla ya kukifikia kikombe. Wengine walikinywa, kisha wakaziacha dawa zao.

Hatuandiki haya ili kumhukumu mzee yule, aliyefariki mwaka 2021. Hakuwatoza maskini ng'ombe wala shamba, kama wafanyavyo wengi leo. Lakini yatupasa kujifunza jinsi habari ile ilivyoenea. Ilisemwa kwamba kikombe hakina madhara kwa mnywaji, na watu wakasikia kana kwamba imesemwa kwamba kinaponya. Haya ni maneno mawili mbalimbali: maji safi nayo hayana madhara. Tena waliojiona na nafuu walirudi wakashuhudia kwa sauti kuu, nao waliokufa makwao hawakurudi kusema lo lote. Mtu asikiaye mashuhuda tu hesabu yake ni ya upande mmoja. Ndiyo sababu madaktari hulazimika kuwahesabu wote, waliopona na waliokufa.

Wala mtu asidhani kwamba kutafuta huku ni kwa Waafrika wasiosoma. Steve Jobs, tajiri wa Marekani aliyeunda kompyuta za Apple, aligunduliwa uvimbe katika kongosho mwaka 2003. Madaktari walimshauri apasuliwe. Yeye akajaribu chakula cha namna yake, na maji ya matunda, na majani, kwa muda wa miezi 9, ndipo akakubali. Alifariki mwaka 2011. Hakuna awezaye kuapa kwamba angalipona kama angalipasuliwa mapema, lakini miezi ile haikumsaidia. Huko huko Marekani watu wengi walikimbilia dawa iitwayo laetrili, ambayo mfano wake hupatikana katika kokwa za matunda. Hata madaktari wakawapa wagonjwa 178, wakawaangalia, na mwaka 1982 wakatangaza matokeo: hakuna aliyepona, na wengine walionyesha dalili za sumu.

Je, basi, majani yote ni ya bure? Hasha. Liko ua dogo la rangi ya waridi au jeupe, asili yake Madagaska, ambalo hupandwa nyuani mwa nyumba zetu na hata makaburini. Katika majani yake wataalamu walipata dawa mbili, vinkristini na vinblastini, ambazo kwa miaka mingi zimewatibu watoto wenye saratani ya damu, na wenye uvimbe wa taya ambao daktari Denis Burkitt aliuandika habari zake kutoka Uganda mwaka 1958. Lakini mtu asiyachume majani hayo ayachemshe! Ni sumu kali. Hospitalini hupimwa kwa kipimo kidogo sana, hutiwa katika mshipa, na damu ya mgonjwa huangaliwa.

Kwa hiyo mwalimu akimwona mgonjwa ashikilia dawa yake ya majani, asishindane naye juu ya majani. Amwombe jambo moja: asiache hospitali, tena amwambie daktari kila anachokunywa, kwa maana dawa nyingine hugombana mwilini. Mwuzaji asemaye, Acha mionzi kwanza, au, Uza shamba ulipe yote leo, huyo na akataliwe waziwazi. Tena inafaa mwalimu au mzee mmoja afuatane na mgonjwa kwa daktari, aulize maneno ambayo mgonjwa kwa hofu huyasahau: ugonjwa umefika wapi, matibabu haya yatarajiwa kuponya au kupunguza tu, na yasipofanyika kutakuwaje. Majibu na yaandikwe katika daftari, yasomwe tena nyumbani pamoja na ndugu.

Na yule aliyeambiwa kwamba hawezi kupona tena? Huyu ndiye azungukaye zaidi, kwa sababu maumivu humfukuza kitandani. Mara nyingi watu wake hawajui kwamba iko dawa ya maji, morfini, itulizayo maumivu makali, nayo hutolewa kwa cheti cha daktari. Baadhi ya hospitali za Kanisa letu, kama Selian kule Arusha, zina watumishi waliofundishwa kazi hii ya kuwatunza wagonjwa wasioponyeka. Mwalimu na aulize katika hospitali iliyo karibu naye ni nani afanyaye kazi hiyo, na siku gani apatikana, kabla mgonjwa hajauza ng'ombe wa mwisho kwa ajili ya safari nyingine.