Macho Hayana Pazia: Kulitambua Gari Lililofichwa

Mwaka huu naleta somo juu ya jambo linalotugombanisha barazani kwetu Kibokoni. Jamaa walioko Dubai hutuletea picha za magari ya mbio yaliyofunikwa michirizi myeusi na myeupe, na kila kijana huapa kuwa ashalijua ni gari gani. Je, hutambulikana vipi?

Kwanza, kwa nini yafichwe? Gari jipya lazima lijaribiwe njiani kabla ya kuuzwa: kwenye baridi ya Arjeplog, kaskazini mwa Sweden, kwenye joto la Ghuba, na katika mzunguko wa Nürburgring, Ujerumani, wenye kilomita zipatazo 21. Mshindani akiliona umbo, ataiga. Mnunuzi naye akiliona, ataliacha la zamani lililoko dukani. Basi bodi hubandikwa stika, na chini yake hutiwa vipande vya plastiki vya kupoteza umbo. Hila hii si ngeni. Mwaka 1917 Waingereza walizipaka meli zao michirizi, wazo la mchoraji Norman Wilkinson, ili adui akosee kukadiria mwendo na uelekeo wake.

Lakini sisi wa Kibokoni twajua: mama akivaa buibui, mwanawe humtambua kwa mwendo toka mwisho wa kichochoro. Gari nalo ni vivyo hivyo. Tazameni haya:

1. Magurudumu. Stika haiwezi kuyasogeza. Pua ikiwa fupi na dereva kaketi karibu na magurudumu ya mbele, yaelekea injini iko nyuma yake.

2. Matundu ya hewa. Injini lazima ipoe, kwa hivyo matundu hayazibwi. Makubwa yakiwa ubavuni, nyuma ya mlango, hiyo ni dalili ya pili.

3. Breki. Chungulia ndani ya rimu. Diski kubwa ni ya gari zito au lenye kasi.

4. Bomba la moshi. Hapa tahadhari! Porsche Taycan ni gari la umeme, lakini kabla ya kuzinduliwa mwaka 2019 lilionekana njiani likiwa na mabomba ya bandia.

Mfano bora ni Chevrolet Corvette. Tangu mwaka 1953 injini yake ilikaa mbele ya dereva. Miaka na miaka watu walivumisha kuwa itahamishwa nyuma, wapi! Hatimaye wapiga picha wakanasa gari la majaribio, limefunikwa gubigubi, lakini pua fupi na matundu ya ubavuni yakasema yenyewe. Lilipozinduliwa Julai 2019, injini kweli ilikuwa nyuma ya dereva.

Kwetu Afrika Mashariki mambo ni kinyume. Kiira EV, gari la umeme la viti viwili lililoundwa Chuo Kikuu cha Makerere, lilijaribiwa Novemba 2011 mbele ya watu, bila ya kufunikwa. Mwenye soko huficha ili alilinde. Anayelitafuta huonyesha ili aungwe mkono.

Basi wenzangu, mkiletewa picha, semeni kwanza mlichokiona: pua, matundu, breki. Jina la gari lije mwisho. Asiyeweza kutaja dalili hata moja, huyo anabahatisha, hata akiapa mara mia.