MBAO GANI KWA GITA YA KWAYA?



Munakumbuka mabishano ya mkutano wa kwaya mwezi uliopita. Tulikubaliana kujitengenezea gita ya umeme kwa sikukuu ya kufunga mwaka. Mikro, funguo na nyuzi zimekwisha kufika toka Kalemie, na franka za kwaya zimeishia pale. Juu ya mbao ndipo tuligawanyika. Wamoja wanataka mukula mtupu, kwa sababu ni nyekundu na inang'aa. Wengine wanasema tukate kalitusi nyuma ya bweni. Wengine tena wanasema tushuke mtoni tuangushe mti mmoja mkubwa. Bwana Prefe aliniomba mimi kapita wenu niandike somo kabla ya mtu kushika msumeno. Ninaandika kama mtu aliyekwisha kuharibu gita moja, na nitasema namna nilivyoiharibu.

Kwanza tutenganishe gita mbili. Ile ambayo Mwenda Jean Bosco wa Bunkeya alipiga mbele ya mashine ya Hugh Tracey mwaka 1952, kule Jadotville (leo Likasi), ilikuwa gita kavu. Katika gita kavu ubao mwembamba wa juu ndio unaotikisika na kusukuma hewa. Ukikosea ubao ule, umekosa sauti. Gita ya umeme si hivyo. Mikro ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba sana. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, umeme mdogo unazaliwa ndani ya waya na kwenda kwenye ampli. Wa darasa la fizike mtaelewa upesi. Weka nyuzi za nailoni juu ya mikro ile, hutasikia kitu. Kwa hiyo mikro inasikiliza chuma, haisikilizi mti. Watu wanabishana sana kama mti unabadilisha sauti ya gita ya umeme. Mimi ninaona kwamba unabadilisha kidogo tu, na kwa gita yetu jambo hilo si la kwanza.

La kwanza ni hili: nyuzi sita zikikazwa sawasawa zinavuta shingo kwa nguvu ya karibu kilo 45. Ni kama mfuko wa simenti kasoro kidogo, unavuta usiku na mchana, hata gita ikilala. Shingo isiposhinda vita hiyo, hakuna mikro itakayoiokoa.

Sasa kosa langu. Mwaka jana nilichonga shingo kwa kalitusi iliyokatwa majuma matatu tu mbele. Ilikuwa nyeupe, laini chini ya randa, nikajisifu. Nilifunga nyuzi siku ya posho. Juma la pili nyuzi zilikuwa juu sana katikati ya shingo, vidole vinaumia. Juma la nne shingo ilijipinda kama kamba inayosokotwa, na hakuna sauti iliyokuwa sawa. Nilifikiri funguo ni mbovu! Kumbe maji yalikuwa yanatoka ndani ya mti. Kalitusi inakua mbio, ina mkazo ndani ya shina, na ikikauka inasinyaa sana, tena upande mmoja kuliko mwingine. Ni mti mzuri kwa paa na kwa kuni, lakini shingo ya gita, hapana.

Hivyo hata wale wa kukata mti mtoni nawajibu kwanza kwa hesabu. Ubao ukikaa penye kivuli na upepo, mafundi wanahesabu karibu mwaka mmoja kwa kila sentimeta mbili na nusu za unene. Mwili wa gita una unene wa sentimeta 4 na nusu hivi. Mti wa leo hautakuwa tayari kwa sikukuu yetu, labda kwa ya wadogo zetu. Tena ile miti ya kandokando ya mito ni michache sana katika nyanda zetu za Marungu, zilizo majani matupu ya ng'ombe. Ndani yake anakaa chozi wa Marungu, ndege mdogo ambaye wataalamu wanamjua toka nyanda hizi peke yake. Tusimnyang'anye nyumba kwa ajili ya ubao mbichi.

Unyevu tunaweza kuupima wenyewe. Chukua kipande kidogo, kipime kwenye mizani ya kimia, kikaushe polepole kwenye joto mpaka uzito usishuke tena, kisha pima. Tuseme kilikuwa gramu 60, kikabaki gramu 50. Maji ni gramu 10. Gawanya kwa 50, unapata 20 kwa mia. Hiyo bado mbichi. Kwa gita tunataka karibu 10 kwa mia.

Tuje kwenye mukula. Tulipima kipande cha senti 10 kwa 5 kwa 2, yaani sentimeta za ujazo 100, kikawa gramu 82. Mwili wa gita ukikwisha kuchongwa una karibu lita 4. Zidisha: kilo 3 na gramu 280, kabla ya shingo na vyuma. Nani atasimama nayo begani ibada nzima? Kwa sipre kavu, yenye gramu 45 hivi kwa kipande kama kile, ni kilo 1 na gramu 800. Tena munajua namna mukula ulivyokatwa katika Katanga na kupakiwa kwenda China. Tangu 2019 mti huo uko katika orodha ya mapatano ya CITES: hauvuki mpaka wa nchi kwa biashara bila kibali. Hatukatazwi kutumia kipande kilicholala chini ya meza ya seremala. Lakini kuagiza ubao mzima kwa sababu ya rangi, mimi sikubali.

Viwanda vyenyewe havikutumia mti mmoja tu. Telecaster ya Fender, ya mwanzo wa miaka ya 1950, ilikuwa na shingo ya mepo, mti mgumu mweupe wa Marekani, juu ya mwili mwepesi zaidi. Les Paul ya Gibson, 1952, mwili wa mahogani wenye kifuniko cha mepo. Na mwaka 1958 Gibson walitengeneza Flying V kwa mti walioupa jina la korina. Ni limba, ndugu zangu, mti unaoota hata kwetu Congo, kule Mayombe! Na Kinshasa fundi Socklo anatengeneza gita za umeme kwa mkono wake, basi mtu asiseme kazi hii ni ya Wazungu.

Shauri langu ni hili. Shingo iwe ya mulombwa, ambao Watanzania wanauita mninga, kwa sababu ukikauka hausogei sana. Tusinunue mpya: seremala wetu ana mbavu za kitanda cha zamani, zimekauka miaka na miaka. Tupasue vipande vitatu, cha katikati tukigeuze ili nyuzi za mti zipingane, tubandike kwa gundi, na ndani tulaze chuma cha pembe nne. Juu yake ubao wa vidole, mwembamba wa milimeta 6, hapo mukula unafaa kabisa, maana vidole na vyuma vinakula mti laini. Wapenzi wa rangi nyekundu watauona pale. Mwili uwe sipre ya lile benchi lililovunjika.

Hatari moja inabaki. Mwili mwepesi na shingo nzito, gita inainamisha kichwa, na mkono wa kushoto unachoka kuibeba. Kwa hiyo tusikate kichwa kikubwa cha majivuno, na kifungo cha mkanda kiwe mbele, sawa na chuma cha 12.

Jumamosi saa nane tunakutana kwa seremala. Wa kimia walete mizani, na yule aliyeficha randa ya shule airudishe mbele ya siku hiyo.