Faida ya Wakala wa Pesa Hutoka Wapi?

Katika makala haya nataka tuitazame biashara ambayo kila mmoja wetu ameiona lakini wachache wameipigia hesabu. Nayo ni biashara ya kuwapa watu pesa zao wenyewe. Usicheke. Kuna watu wanaosomesha watoto kwa kazi hiyo, na shangazi yangu anataka kuwa mmoja wao. Ana shilingi 90,000: 60,000 ni zamu yake ya chama, na 30,000 ni bei ya mtamba aliyemuuza. Hana nyingine. Likizo iliyopita aliniita akaniambia, "Wewe si unasoma Biashara huko shuleni? Basi nipigie hesabu, nijue kama hizi zitarudi."

Tuanze mbali kidogo. Mashine ya kutolea pesa, ile tunayoiita ATM, ilianza kutumika London mwaka wa 1967, nayo ilikuwa mali ya benki. Kule Marekani mambo yalibadilika sana mwaka wa 1996, mitandao mikubwa ya kadi iliporuhusu mwenye mashine amtoze mteja ada yake mwenyewe. Tangu hapo mtu binafsi huweza kununua mashine, akaiweka kwenye baa, kituo cha mafuta au kwa kinyozi, akaijaza noti zake. Mteja akitoa dola 60, dola hizo hutoka katika akaunti ya mteja zikaingia katika akaunti ya mwenye mashine, pamoja na ada. Mwenye baa naye hupata kitu kidogo kwa kuipa mashine nafasi.

Lakini angalia vizuri. Mashine ya namna hiyo kazi yake ni kutoa tu. Noti zinatoka kila siku na thamani yake inakwenda benki. Kwa hiyo mwenyewe lazima aende benki, achukue noti, azibebe, aijaze tena. Asipofika, mashine ni sanduku tupu la chuma na mwenye baa ananung'unika.

Hapa kwetu, tangu M-Pesa ilipoanzishwa mwezi wa Machi mwaka wa 2007, kazi hiyo hufanywa na mtu aliyeketi nyuma ya dirisha la waya. Tofauti kubwa, na kwa maoni yangu hii ndiyo roho ya biashara yenyewe, ni kwamba wakala hutoa na pia hupokea. Mteja anayeweka pesa ndiye anayemjazia droo ili ampe yule anayetoa.

Wakala ana mifuko miwili. Mmoja ni droo ya noti, wa pili ni floti, yaani pesa zilizo kwenye simu. Tuseme shangazi aweke 40,000 kwenye droo na 50,000 kwenye floti. Akija mtu kutoa 10,000, droo inabaki 30,000 na floti inapanda hadi 60,000. Akija mwingine kuweka 10,000, kila kitu kinarudi kilipokuwa. Jumla ni ile ile 90,000, lakini kamisheni imeingia mara mbili. Kila jioni ajumlishe mifuko yote miwili. Isipofika 90,000, kuna mtu amemla, au amehesabu vibaya, na ni heri ajue jioni ile kuliko mwisho wa mwezi.

Kumbe basi, kinachoua wakala wengi ni pesa kuwa katika mfuko usiofaa kwa saa ile. Mteja anataka noti, noti zote zimegeuka floti. Wakala anafunga kibanda, anapanda bodaboda hadi mjini, anapanga foleni benki, anarudi na noti kifuani akiangalia nyuma kama mwizi, na ilhali yeye ndiye anayeogopa wezi. Nauli imekwenda, saa mbili zimekwenda, na mteja ameenda kwa jirani. Usisahau kuwa mteja wa pesa hana subira. Akiambiwa "hakuna floti" mara mbili, ya tatu haji.

Ndiyo maana niliposikia shangazi anataka kibanda kando ya kituo cha kununulia majani chai, nilimwambia, "Shangazi, hapo watu watatoa tu." Siku bonasi inapoingia, wateja watatu wa shilingi 15,000 kila mmoja wanatosha kuimaliza droo yake na bado wanamdai. Angekuwa kama yule wa Marekani, kazi yake kubeba noti. Lakini kando ya mashine ya kusagia unga, pale sokoni, mambo ni mengine. Asubuhi ya siku ya soko wanunuzi hutoa pesa; alasiri wauza nyanya na maharagwe huziweka, kwa sababu hawataki kulala nazo nyumbani. Noti zilizotoka asubuhi zinarudi zenyewe kwa miguu yao.

Kuna jambo jingine ambalo watu hawalijui. Kamisheni hulipwa kwa ngazi, si kwa kila shilingi. Mteja mmoja wa 20,000 hamletei wakala sawa na wateja ishirini wa 1,000. Hao wadogo jumla yao hushinda. Haba na haba, jamani. Hapa ndipo wengine hufanya ujanja: mtu anataka kutoa pesa nyingi, wakala anamwambia atoe kidogo kidogo mara nne. Wakala anaongeza kamisheni, mama wa watu anaongezewa ada. Kampuni inakataza, lakini hufanyika. Mimi huo nauita wizi wa mchana.

Tusijidanganye kuwa ni asali tupu. Tangu mwaka wa 2013 mtu huweza kumlipa mwenye duka moja kwa moja kwa simu, bila kutoa noti, na kila anayelipa hivyo ni mteja aliyempita wakala. Tena wapo matapeli wanaoleta ujumbe wa uongo ("mama, pesa imeingia, hebu tazama"). Dawa yake ni kutazama salio lenyewe, si ujumbe. Na wengi huanza chini ya wakala mkubwa mwenye laini, ambaye hukata sehemu yake ya kamisheni kabla hujaiona.

Kwa sababu hizo zote nilimshauri asiweke 90,000 yote. 70,000 iwe mtaji wa mifuko miwili, 20,000 ibaki ya kodi, leseni ya kaunti na siku mbaya. Na kibandani auze unga na sabuni, kwa maana pesa za sabuni huingia zikiwa noti, nazo huisaidia droo. Alisikiliza, akaniuliza mara mbili juu ya zile ngazi, akaandika nyuma ya kadi ya kliniki. Mwenye mashine ya unga anataka kodi ya miezi mitatu mbele. Shangazi amemwambia atalipa wa mmoja kwanza, aone siku nne za soko zitamletea nini.