Kuchagua Trela Ndogo ya Kuishi kwa Wanaojitolea Baada ya Tufani

Ndugu zetu wa Afrika ya Mashariki waliohamia Houston, wakiwamo Wakongo wengi waliofika huko kwa njia ya ukimbizi, hawakawii kutanabahi kwamba mji huo, pamoja na neema zake za kazi na elimu, umejengwa katika njia ya tufani, na ya kwamba tangu tarehe 1 Juni hata tarehe 30 Novemba ya kila mwaka wakazi wa pwani ya Ghuba ya Mexico huishi wametega masikio kwenye habari za upepo. Tufani iliyopewa jina la Harvey, iliyotua Texas tarehe 25 Agosti 2017, ilimwaga katika mji mdogo wa Nederland mvua iliyozidi milimita 1,500. Na ile ya Laura, iliyotua Louisiana tarehe 27 Agosti 2020, iliuvunjavunja mji wa Lake Charles, ambao kutoka Houston ni mwendo wa saa mbili na ushei kwa gari. Baada ya kila msiba wa namna hiyo makanisa, misikiti na jumuiya za hisani hutoa mwito wa watu wa kubomoa kuta zilizolowa, kuzoa tope na kuezeka mapaa, nao wahamiaji wetu, ambao wengi wao wanajua vema maana ya kupoteza nyumba, hawakosi miongoni mwa wanaoitika.

Mwenye kuitika ana swali moja la kujibu kabla hajafunga safari, nalo ni mahali atakapolala. Hoteli zilizosalimika hujaa mafundi wa umeme na mawakala wa bima, na vyumba vichache vinavyobaki ni haki ya waliopoteza maskani yao. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini mwenye kwenda kuwasaidia waliofikwa na maafa hana siku mbili hizo, kwani wenyeji wake hawana kitanda cha kumpa, wala maji ya kumnawisha, wala moto wa kumpikia. Kwa sababu hiyo trela ndogo ya kulala, yaani chumba chenye magurudumu kinachovutwa nyuma ya gari, imekuwa sitara ya wengi wanaojitolea kwa wiki au kwa miezi. Na kanuni ya kuichagua, ambayo maneno yote yafuatayo ni matawi yake tu, ni hii: chagua ile itakayokuwezesha kukaa katika mji wenye msiba bila ya kuwaomba wenyeji chochote isipokuwa mahali pa kuiegesha.

Uzito kabla ya uzuri

Wauzaji hupenda kumwonyesha mnunuzi mito na mapazia, ilhali jambo la kwanza la kutazamwa limeandikwa kwenye kibandiko kidogo kilichoko nje, ubavu wa kushoto karibu na mbele, nalo ni uzito wa juu kabisa ambao trela inaruhusiwa kuwa nao ikiwa imekwisha pakiwa. Wamarekani hupima kwa ratili, nawe ukigawanya kwa 2.2 utapata kilo. Chukua mfano wa trela isiyotakiwa kuzidi kilo 1,600, ambayo ikiwa tupu ina kilo 1,250: kilo 350 zilizosalia zaonekana nyingi, lakini lita 100 za maji ni kilo 100, mitungi miwili ya gesi iliyojaa ni kilo 34 hivi, betri yaweza kuwa kilo 30, na nyundo, mitaimbo, makoleo na mabuti ya kazi havikosi kilo 80, na hapo bado hujatia chakula, nguo wala jenereta. Asiyeifanya hesabu hii nyumbani hufanyiwa na barabara, pale tairi inapopasuka katikati ya malori.

Katika uzito huo wote, asilimia 10 hadi 15 yapasa ikalie kiungo cha gari. Ikipungua, trela huanza kuyumba kadiri mwendo unavyozidi, na ikizidi, gari huinama nyuma na usukani ukawa mwepesi. Uwezo wa gari lako uusome katika kitabu cha gari, usiuchukue kinywani mwa muuzaji. Na ukumbuke kwamba majimbo mengi hudai trela inayozidi ratili 3,000, yaani kilo 1,360 hivi, iwe na breki zake yenyewe, ambazo nazo aghalabu huhitaji kifaa cha kuziendesha kilichofungwa karibu na dereva. Tairi zitazame ubavuni palipoandikwa DOT: tarakimu nne za mwisho zikiwa 3519, tairi hiyo iliundwa wiki ya 35 ya mwaka 2019. Trela hukaa sana na kutembea kidogo, kwa hiyo tairi zake huharibika kwa umri na jua kabla hazijalika. Zilizopita miaka sita uzihesabu kuwa gharama ya kununua mpya.

Trela inavuja wapi?

Mtu wa pwani anunuapo mashua iliyotumika haulizi kwanza habari ya rangi. Huuliza inavuja wapi, ilitiwa kalafati lini, na kwa mkono wa nani. Nayo trela inunuliwe kwa mashaka hayo hayo. Trela nyingi zina mifupa ya mbao iliyovikwa ngozi nyembamba ya alumini au ya fiberglasi, na maungo ya paa, madirisha na taa huzibwa kwa gundi ambayo jua huipasua. Maji yakishapata upenyo hushuka ndani ya ukuta, mbao zikaoza miezi mingi kabla doa halijaonekana.

Vua viatu basi, utembee sakafuni polepole, hususan mbele ya mlango na kando ya choo, na popote unyayo utakapohisi panabonyea ujue mbao za chini zimekwisha. Fungua kila kabati, ubonyeze pembe zake za ndani kwa kidole gumba. Inua godoro, upapase chini yake na chini ya kila dirisha. Panda ngazi uone paa kwa macho yako. Kisha toka nje jua likiwa limeinama, usimame kwenye pembe ya trela na kuutazama ukuta kwa urefu wake, kwani uvimbe usioonekana ukisimama mbele yake huonekana hapo, nao ni dalili kwamba plaiwudi imeachana na ngozi. Na ukifungua mlango ukapokewa na harufu kali ya manukato, zidisha hadhari, maana manukato ndiyo kifuniko cha kwanza cha ukungu.

Kwa ajili ya ugonjwa huu wa kuvuja, mwenye fedha za kutosha angefanya vema kutafuta trela za fiberglasi tupu, kama Scamp ziundwazo Minnesota au Casita za Texas, ambazo kiwiliwili chake ni magamba mawili, la juu na la chini, yaliyounganishwa kiunoni, zikawa na maungo machache ya kupitisha maji. Scamp ya futi 13, yenye kitanda, meza na jiko, ikiwa tupu ina uzito wa kati ya kilo 550 na 700, na magari mengi ya kawaida huimudu.

Hewa unayoivuta na umeme unaoutumia

Tufani Katrina ilipoipiga New Orleans tarehe 29 Agosti 2005 na matuta ya kuzuia maji yakavunjika, serikali kwa mkono wa FEMA, shirika lake la kushughulikia maafa, iliwapa waathirika makumi ya maelfu ya trela, na haikuchukua muda wakazi wake wakaanza kulalamika macho kuwasha, pua kutoka damu na vifua kubana. Kituo cha serikali cha kudhibiti magonjwa kilipopima trela na nyumba za namna hiyo 519 mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008, kilikuta kwa wastani sehemu 77 za formaldehaidi katika kila sehemu bilioni za hewa, kiasi kilicho juu ya kile cha nyumba za kawaida. Na chimbuko lake lilikuwa gundi ya mbao za kugandishwa zilizotumika katika makabati na kuta. Mwaka 2010 ilitungwa sheria ya kuweka kikomo cha sumu hiyo katika mbao, lakini trela za zamani zilikwisha pigwa mnada zikiwa na kibandiko cha kukataza watu wasizifanye makazi, na vibandiko hubanduka. Trela iliyoundwa wakati ule, inayouzwa kwa bei ya kutupa, iache. Na uliyoichagua ifungue madirisha siku nyingi kabla ya kuilalia.

Sumu ya pili haina harufu, nayo ni kaboni monoksidi, iliyoua watu baada ya Laura kwa sababu ya jenereta zilizowekwa karibu mno na nyumba. Jenereta ikae mita 6 au zaidi kutoka kwenye trela, na moshi wake uelekezwe kwingine. King'ora cha gesi hiyo kiwe kizima na kijaribiwe kila wiki. Na kwa sisi tuliolelewa na jiko la makaa, ambao usiku wa baridi twaweza kushawishika kuliingiza ndani lipashe chumba, neno ni moja: katika chumba kidogo kama hiki jiko hilo huua kabla ya mapambazuko.

Umeme wa Marekani ni wa volti 120, nusu ya wetu wa nyumbani, kwa hiyo pasi na birika zilizotoka Nairobi au Dar es Salaam uziache. Trela ndogo aghalabu huwa na plagi ya ampea 30, ambayo hubeba wati 3,600, kiasi cha kutosha kiyoyozi na birika, lakini si pamoja na tanuri dogo. Soketi yake hufanana na ile ya volti 240 ya mashine za kukaushia nguo, na fundi asiyezoea trela aweza kuifunga kimakosa. Ipimwe kabla ya kuchomekwa, la sivyo vyombo vyote vitaungua kwa mara moja.

Maji safi na maji machafu

Tufani Helene ilipofurisha milima ya Carolina ya Kaskazini mwezi Septemba 2024, mji wa Asheville ulikaa siku 53 bila ya maji salama ya kunywa katika mabomba yake. Trela ya mwenye kujitolea iwe, basi, na tangi la maji safi lenye kutosha siku tatu au nne, na uzoee kuoga kwa kopo, elimu ambayo wengi wetu tumekuja nayo. Maji machafu yana matangi yake, moja la choo na jingine la kuogea na kuoshea vyombo. Yote humwagwa mahali palipotengwa tu, na kuyafungulia mtaroni ni kuwaongezea maradhi watu uliokuja kuwatumikia.

Hati, ruhusa na mipaka

Trela zilizozama huuzwa katika jimbo jingine zikiwa zimepakwa rangi. Kwa hiyo omba hati ya umiliki, linganisha namba yake ya tarakimu na herufi 17 na ile iliyogongwa kwenye fremu, na uipitishe namba hiyo katika rejista ya NICB, ofisi ya makampuni ya bima ya kupambana na wizi na ulaghai, isiyotoza fedha. Mahali pa kuegesha upate ruhusa ya maandishi, maana miji mingi hukataza kulala ndani ya trela mitaani. Mhamiaji asiye raia, isipokuwa wachache, ana siku 10 za kuiarifu idara ya uhamiaji kila abadilishapo makazi, na trela haimwondolei faradhi hiyo. Hata chakula na malazi yanayotolewa badala ya kazi yaweza kuhesabiwa kuwa ujira. Mwenye viza isiyoruhusu ajira aulize mwanasheria kwanza.

Mwisho, tufani nyingine ikitangazwa, ifunge trela garini uondoke mapema. Nayo ikiwa haiwezi kuvutwa, iache uondoke wewe, kwani kuta zake hazikuundwa kustahimili upepo huo. Na ikiwa baada ya kutafuta sana hukupata trela nyepesi, kavu na yenye hewa safi kwa fedha ulizo nazo, usinunue mbovu kwa haraka ya wema: mwombe kiongozi wa kundi lako nafasi katika ukumbi wa kanisa au wa shule ambamo wengi hulala juu ya vitanda vya turubai, uende na shuka lako na zana zako, ukafanye kazi ile ile kwa thamani ile ile.