Ripoti ya Muhula Inapofika Nyumbani

Mtoto aliyekuwa akishika namba za juu hadi darasa la saba anaingia kidato cha kwanza, na ripoti ya kwanza inaleta F ya Hisabati na D ya Fizikia. Nyumbani husemwa kaharibika, kaingia makundi. Mara nyingi kilichomkwamisha ni lugha. Shule nyingi za msingi za serikali Tanzania zinafundisha kwa Kiswahili. Sekondari karibu masomo yote ni kwa Kiingereza, na kijana anabaki kukariri asichokielewa. Ukimpokea kwa matusi au fimbo, atajifunza kuficha ripoti ijayo.

Katika miaka ya 1960 mwanasaikolojia wa Marekani, Diana Baumrind, alipambanua malezi ya amri tupu, malezi ya kumwachia mtoto afanye atakavyo, na malezi ya mzazi mwenye msimamo lakini anayesikiliza. Mwaka 1987 Sanford Dornbusch na wenzake walitoa matokeo ya uchunguzi wa wanafunzi zaidi ya 7,000 wa sekondari katika eneo la San Francisco. Kwa jumla, malezi ya amri tupu na yale ya kuachiwa yaliendana na alama za chini, na yale ya msimamo wenye kusikiliza yaliendana na alama za juu. Kwa wanafunzi wenye asili ya Asia haikuwa wazi hivyo, kwa hiyo matokeo hayo tusiyafanye Msahafu.

Basi ripoti ikifika, uliza kwanza: somo gani lilikushinda, na ulianza kupotea kwenye mada ipi? Kisha omba daftari. Huhitaji Kiingereza kuona kwamba tarehe zinaruka wiki mbili, au kwamba kalamu nyekundu ya mwalimu haijapita tangu muhula uanze. Mwambie akueleze kwa Kiswahili alichosoma leo. Akibabaika, hajaelewa, hata kama ameandika kurasa kumi.

Simu ya mtoto ikizimwa saa tatu usiku ili asome, izimwe ya baba pia. Halafu kuna binti anayeosha vyombo na kuchota maji mpaka saa nne wakati kaka yake yuko mezani na vitabu. Huyo akifeli, wa kulaumiwa si yeye. Na wimbo wa "mtoto wa jirani" uacheni. Sijaona aliyefaulu kwa kuimbiwa.

Tangu ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ifutwe shule za serikali mwaka 2016, wapo wazazi wanaodhani shule ni kazi ya serikali peke yake. Kikao cha wazazi kikiitishwa, hawaonekani. Ndugu mzazi, chukua namba ya mwalimu wa darasa wiki hii, umpigie kabla ya upimaji wa kidato cha pili. Matokeo yakishatoka, hatakuwa na la kukusaidia.