Bodibodi, Si Bodaboda: Somo la Kwanza la Kulalia Wimbi

Nikiwaambia wasee wa hosteli kwamba Jumamosi naenda Malindi na bodibodi, swali la kwanza huwa ni nauli ngapi. Wanadhani nimesema bodaboda. Basi tuanzie hapo. Bodibodi ni ubao mfupi wa sponji gumu unaoulalia kwa tumbo, ukabebwa na wimbi mpaka mchangani. Husimami juu yake kama wale jamaa wa kwenye filamu. Unalala, unashika pua ya ubao, unapiga miguu, na wimbi likikukubali unaenda nalo.

Naandika hasa kwa makomredi wa bara. Wengi wetu tulikuja kusoma Kilifi tukiwa tumeiona bahari kwenye kalenda tu, na wengine watamaliza miaka minne wakiwa wamelowesha vifundo vya miguu. Mimi ni mtoto wa Machakos. Kuogelea nilijifunza Mto Athi, kwa mtindo ule wa kupiga maji kama mbwa, na nilipoulizwa kwa mara ya kwanza kama najua kuogelea nilijibu "sana!" Hiyo "sana" ilitaka kunitoa roho, nitaeleza.

Kwanza mahali. Ukisimama ufuo wa Bofa, hapa Kilifi, utaona mstari mweupe mbali baharini. Ule ni mwamba wa matumbawe. Wimbi linalotoka bahari kuu linavunjikia pale, na kinachofika ufuoni ni mabaki yake. Kwa kuoga na kujifunza kuogelea ni pazuri sana, lakini ukienda na bodibodi utalala juu yake mpaka usinzie. Malindi ni habari nyingine. Ukipita nguzo ya Vasco da Gama na gati, ukaelekea kaskazini, unafika kwenye ghuba ambayo haina mwamba mbele yake. Sababu ni Mto Sabaki, unaoingia baharini kilomita chache kutoka mjini. Matumbawe hayapendi maji baridi ya mto wala tope, kwa hiyo hayakuweza kujenga ukuta pale. Mlango umebaki wazi, na wimbi linakuja mzimamzima hadi mchangani.

Na Sabaki ni mto gani? Ni Athi! Unaanzia kwetu bara kwa jina hilo, ukipita Tsavo unaitwa Galana, na ukikaribia bahari unaitwa Sabaki. Siku niliposoma hivyo nilicheka peke yangu maktaba hadi nikatazamwa. Udongo wa mashamba ya kwetu ndio unaogeuza maji ya Malindi kuwa rangi ya chai ya maziwa wakati wa mvua, na ndio uliowafungulia mawimbi njia. Mimi nalipa nauli kuufuata mto nilioogea utotoni. Lakini tafadhali, usiende kucheza kwenye mlango wenyewe wa mto. Kuna viboko pale, maji ni ya tope huoni kitu, na mikondo ya mto na bahari inagombana.

Msimu wa mawimbi ni wa kusi, na miezi ya katikati ya mwaka ndiyo yenye nguvu. Mwanafunzi wa kwanza asiende siku ambayo kusi limechachamaa. Tafuta siku ambayo mawimbi hayazidi kiuno, na uende asubuhi kabla upepo haujaamka. Halafu tazama maji. Bahari yetu inajaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku inachelewa kama dakika 50. Siku za bamvua, karibu na mwezi mpevu na mwezi mwandamo, tofauti ya maji kujaa na kupwa hapa kwetu hupita mita 3. Hiyo ni zaidi ya urefu wa mlango wa chumba chako. Maji yakijaa kabisa, wimbi linaweza kujipigiza mchangani penyewe, na ukianguka unaangukia mchanga mgumu. Mimi napenda nusu ya kujaa, maji yakiwa bado yanapanda.

Sasa ile "sana" yangu. Mara ya kwanza nilifika ghubani kama saa nne asubuhi, maji yakipwa, na ubao wa mitumba nilioununua Kongowea kwa shilingi 1,800. Ulikuja bila kamba ya mkononi, nami sikuona umuhimu wake. Mbele yangu mawimbi yalikuwa yakivunjika kushoto na kulia, lakini katikati palikuwa na kichochoro cha maji yaliyotulia, yenye rangi nzito kidogo. Nikajiambia mtu mwerevu anaingilia pale. Nikaingia, nikalala, nikapiga miguu, na kweli nilikwenda kwa raha. Baada ya dakika mbili tatu nikageuka kuutazama mkoba wangu mchangani. Ulikuwa umekuwa mdogo. Nikageuza ubao na kupiga miguu kurudi moja kwa moja. Mkoba ukazidi kuwa mdogo.

Manze, hofu ya bahari si kama hofu ya mtihani. Miguu ilikuwa inafanya kazi yake vizuri kabisa, ila ufuo haukuwa unakuja. Nilichokumbuka tu ni kwamba nikiuachia ule ubao, ule mtindo wa mbwa wa Athi hautanifikisha popote. Mzee mmoja mvuvi, aliyekuwa akitengeneza nyavu, alisimama na kuanza kupunga mikono yote miwili kuelekea upande, kama askari wa trafiki. Nikaelewa, sijui vipi. Nikaacha kuukabili ufuo, nikapiga miguu kwenda kando, kuelekea kule kwenye mawimbi niliyokuwa nimeyakwepa. Nilipofika kwenye povu, povu lenyewe likanisukuma hadi nchi kavu. Nilitokea mbali na mkoba wangu, nikatapika maji ya chumvi, kisha ndipo nikakumbuka adabu nikampa shikamoo.

"Marahaba. Wewe watoka bara?"

"Ndio, mzee."

"Maji yakija na wimbi, wadhani yarudi wapi? Yatafuta mlango. Pale palipotulia ndipo mlango wenyewe."

Sijawahi kupata mhadhara mfupi kuliko huo. Mawimbi yanaleta maji ufuoni, na maji hayo lazima yarudi. Hukusanyika kwenye mfereji wenye kina kidogo zaidi na kutoka kwa kasi. Kwa kuwa pana kina, wimbi halivunjiki pale, ndiyo maana mgeni hupaona kama bwawa. Ishara zake ni maji yenye rangi nzito katikati ya mawimbi meupe, povu au takataka zinazoelekea baharini, na uso wa maji wenye vijikunjo. Ukishikwa, usishindane nao. Baki juu ya ubao, pumua, nenda sambamba na ufuo hadi utoke kwenye mfereji, kisha rudi na povu. Ukichoka, elea na uinue mkono kuomba msaada. Mkondo unakupeleka nje, haukuvuti chini.

Kwa hiyo kabla ya ubao, jipime. Kipimo changu ni hiki: bila ubao, kwenye maji tulivu, unaweza kuogelea mita 50 bila kugusa chini, kisha ukaelea chali dakika tano bila kubabaika? Kama huwezi, hakuna aibu, kaa kwanza Bofa maji yakiwa yamejaa, na mtu anayejua awe karibu. Ubao si boya. Kamba inaweza kukatika, wimbi likauchukua ubao, ukabaki wewe na ulichojifunza. Na usiende peke yako.

Kuhusu ubao wenyewe, historia yake inawahusu wale wa hisabati. Watu wa Hawaii walikuwa wakilalia mawimbi kwa vibao vya mti, paipo, tangu zamani. Huu wa sponji tunaoujua leo ulitengenezwa huko Hawaii na Mmarekani Tom Morey, mwenye shahada ya hisabati, tarehe 7 Julai 1971. Alichukua kipande cha sponji la polithini, akalikata, akalinyoosha kwa pasi ya moto juu ya karatasi za gazeti. Ubao ukawa laini, mwepesi na wa bei ambayo mtu wa kawaida aliiweza. Kwa hiyo mwenye shahada ya hisabati anayetafuta la kufanya ajue pasi na gazeti pia ni vifaa vya utafiti.

Ukinunua, usimamishe ubao wima mbele yako: pua ifike kitovuni au hapo karibu. Epuka zile za sponji jeupe la punjepunje, lile linalokuja ndani ya katoni za televisheni. Zinakatika vipande viwili wiki ya kwanza, na vipunje vyake vinabaki baharini. Polithini ni nzuri, ila maji yetu ni ya joto na hulegea kidogo. Zenye kiini cha polipropilini hubaki ngumu zaidi. Kwa mgeni yoyote kati ya hizo mbili inatosha. Kamba ya mkononi ni lazima, nunua hata kama umekopa. Mapezi ya miguuni yatakusaidia sana baadaye kulikimbiza wimbi, lakini kwenye maji ya kiunoni yatakukwaza tu. Vaa fulana ya kubana, maana ubao unachubua tumbo na jua la saa nne halina huruma.

Ukifika, keti mchangani robo saa nzima bila kugusa maji. Hesabu mawimbi. Utaona yanakuja kwa makundi, madogo kwa muda, kisha makubwa matatu au manne yanayofuatana. Tafuta vichochoro vilivyotulia na uviweke akilini. Tazama pia wimbi linavunjikia wapi, maana kwa makadirio wimbi huvunjika likifika kwenye kina cha kama mara 1.3 ya kimo chake. Wimbi la sentimita 60 likivunjika, jua pale pana maji ya karibu sentimita 80. Ndiyo njia rahisi ya kukipima kina ukiwa umekaa.

Kisha ingia mpaka kiunoni, si zaidi. Ubao ushike ubavuni, usiuweke kati yako na wimbi, kwa sababu wimbi litakurudishia usoni. Jino langu la mbele ni shahidi. Siku za kwanza achana na mawimbi mazima, cheza na povu tu, lile jeupe lililobaki baada ya wimbi kuvunjika. Povu likiwa hatua tatu hivi nyuma yako, geukia ufuo, ruka mbele ulale, na upige miguu. Kiuno kikae mwishoni mwa ubao na mapaja yabaki nje. Mikono ishike pembe mbili za pua, viwiko vilale juu ya ubao, kifua kiinuke, macho yatazame mbele. Ukijisogeza mbele mno pua inazama na unapinduka. Ukibaki nyuma mno wimbi linapita chini yako linakuacha. Kati ya hayo mawili kuna sehemu ya upana wa kiganja, na kuitafuta ndiyo kazi ya Jumamosi mbili za mwanzo.

Ukianguka, na utaanguka, anguka bapa kama mkeka. Usitangulize kichwa kamwe. Shingo za watu huumia kwenye maji ya magotini, si kwenye kilindi. Ukiwa chini, kinga kichwa kwa mikono, na ukiibuka inua mkono mmoja kwanza maana ubao unaweza kuwa unashuka.

Kugeuka njoo nako baadaye, ukishaenda moja kwa moja mara kumi bila kupinduka. Ukitaka kwenda kulia, mkono wa kulia unabaki kwenye pua, wa kushoto unashuka kushika ukingo wa kushoto, na uzito unauegemeza kulia kwenye kiwiko. Kushoto ni kinyume chake. Ukianza kukata upande hivyo, angalia waogaji na nyavu. Wavuvi wako kazini, sisi tuko mchezoni, wao hutangulia.

Mimi wimbi langu la kwanza la kweli, si povu, nililipata safari ya nne. Lilikuwa dogo, pengine halikufika kiunoni, na lilinibeba kwa muda wa kuhesabu hadi sita. Nilipiga kelele peke yangu kama mtu aliyeona matokeo.

Jirani yangu wa hosteli, mtoto wa Kitui, aliniona nikirudi na ubao akataka twende Jumamosi iliyofuata. Nikamuuliza kama anajua kuogelea. Akasema, "Sana." Nikamwangalia. Akacheka, akasema, "Sawa, sijui." Wiki ya tatu sasa tunashuka Bofa jioni maji yakijaa, ubao tunauacha mchangani. Juzi amefika mita 20. Malindi bado sijampeleka.