Picha za Ndege Zilizopakwa Rangi kwa Mkono na Somo la Uchunguzi

Mwanzoni mwa karne ya 19, kitabu cha picha za ndege hakikutoka mtamboni kikiwa na rangi zake. Mtambo ulichapa mistari ya wino tu. Rangi ilipakwa kwa brashi, nakala baada ya nakala, na watu waliolipwa ujira kwa kazi hiyo. Mwanachuo anayejiandaa kufundisha Sayansi katika shule za msingi yampasa kuijua kazi hii, kwa kuwa ndani yake limo swali linalomhusu: ni nani hasa aliyemwona ndege?

Tuchukue mfano wa Edward Lear wa Uingereza. Mwaka 1830, akiwa kijana wa miaka 18, alianza kutoa picha za kasuku. Wachoraji wengi wa wakati ule walitegemea ngozi zilizokaushwa. Lakini ngozi ina upungufu: manyoya hudumu na rangi yake kwa muda mrefu, bali rangi ya macho na ya miguu hupotea ndege akishakufa. Pengine hukosekana kiungo kizima. Ndege wa peponi waliletwa Ulaya wakiwa wamekatwa miguu, na mwaka 1758 Linnaeus alimpa mmoja wao jina lenye maana ya “asiye na miguu”! Lear alikwenda katika bustani ya wanyama ya London, akawapima kasuku walio hai huku mtunzaji akiwashika, na pembeni mwa michoro yake akaandika maelezo ya rangi na kujaribia rangi zenyewe.

Kisha mchoro ulichorwa juu ya jiwe la chokaa kwa kalamu yenye mafuta. Jiwe lilipoloweshwa, maji yalikaa pasipo na mafuta, na wino ukashika penye mstari tu. Kitabu chake kilikuwa na picha 42, nacho kilitolewa nakala 175. Yaani karatasi 7,350 za kupakwa rangi. Wapakaji walifuata nakala moja ya kielelezo. Aghalabu hawakuwa wamemwona ndege mwenyewe, hivyo kosa lililokuwamo katika kielelezo lilienea katika nakala zote.

Elizabeth Gould naye, aliyechora mawe ya kitabu cha ndege wa Himalaya kilichotolewa na mumewe, John Gould, alianza kwa ngozi. Baadaye, kati ya 1838 na 1840, alikaa Australia akachora ndege walio hai. Jina la mume ndilo linalotajwa zaidi, jambo ambalo silioni kuwa la haki.

Sasa tulitazame darasa. Mwalimu anapochora kuku ubaoni na wanafunzi 45 wakanakili, wote 45 ni wapakaji rangi. Aliyechunguza ni mmoja tu, ikiwa naye hakunakili kitabuni.

Jaribu njia nyingine. Mlete kuku darasani ndani ya tenga. Kabla ya penseli kushikwa, wanafunzi wahesabu vidole: vingapi vimeelekea mbele, na kingapi nyuma? Magamba ya miguu yameanzia wapi? Waachwe wabishane, kisha watazame tena. Ndipo wachore bila rangi, na pembeni waandike maneno: hudhurungi, kijivu, rangi ya majani makavu. Mtoto atakayeandika “mwekundu” tu aulizwe, mwekundu kama nini?

Siku ya pili, kuku akiwa hayupo, wabadilishane michoro na darasa jirani ambalo halikumwona kuku huyo. Hao wapake rangi kwa kufuata maneno ya pembeni peke yake. Baadaye kuku arudishwe, picha zibandikwe ukutani, na madarasa yote mawili yalinganishe. Penye tofauti, wanafunzi watafute kama aliyekosea ni mpakaji au mwandishi wa maelezo. Katika kusahihisha, alama nyingi zaidi zipewe maelezo ya pembeni kuliko uzuri wa mchoro, na mwanafunzi aliyefuta neno lake la kwanza akaandika lililo sahihi zaidi asikatwe alama kwa uchafu wa karatasi.